Mashine ya Kusili na Moto: Yale Ninayoyakuta Nikiifungua

Wateja wangu wengi ni watu wa karanga, ubuyu, unga wa lishe, viungo vya pilau, dagaa wa kukaanga na korosho. Mimi ni fundi wa mashine za kusili vifungashio, yaani kuziba midomo ya mifuko kwa joto, hapa Dar es Salaam, kuanzia zile ndogo za kubonyeza kwa mkono hadi zile ndefu za mkanda, ambazo mfuko unaingia upande huu na kutokea upande wa pili umeshafungwa. Mtu akienda dukani kununua mashine ya namna hii huuliza bei, huuliza upana wa mfuko inaoweza kufunga, na akiwa makini huuliza kama spea zake zinapatikana. Habari ya moto haiulizi, na muuzaji naye haigusi.

Naiandika hapa kwa sababu mashine hizi zimehama. Zilikuwa vitu vya kiwandani, leo ziko sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula. Mtoto anafanya kazi za shule upande mmoja, mama anasili pakiti za karanga upande mwingine, chini ya meza kuna maboksi ya mifuko mitupu na pazia liko karibu. Kiwanda kinachojiheshimu kina mitungi ya kuzimia moto ukutani na mtu aliyefundishwa kuitumia. Sebule haina.

Tuanze na ile ndogo, maana ndiyo iliyoenea. Ndani yake kuna transfoma, kibao kidogo cha kuhesabu muda, na swichi ndogo inayobonyezwa pale mkono wa mashine unaposhuka. Juu, chini ya kitambaa cha tefloni cha rangi ya kahawia, kuna utepe mwembamba wa nikromu, chuma kinachopata joto umeme ukipita. Ukishusha mkono, umeme unapita kwenye utepe kwa sekunde moja au mbili, plastiki inayeyuka na kushikana, taa inazima, unasubiri kidogo mshono upoe, unainua. Muda mwingine wote utepe hauna umeme. Ndiyo maana ninawaambia wanaoanza biashara wanunue hii kwanza: katika mashine za joto, hii ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote.

Lakini usalama wake wote umebebwa na ile swichi na kile kibao cha muda. Swichi ikiganda, umeme hauachi kupita. Transfoma inanguruma mfululizo, taa haizimi, na utepe unaendelea kupanda joto mpaka unakuwa mwekundu. Tefloni huvumilia kazi hadi nyuzi joto 260 hivi. Utepe ulioanza kuwa mwekundu umeshapita mara mbili ya hapo. Na kinachougusa ni mfuko wa nailoni laini, yaani polithini, ambao huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 110. Kwa hiyo iangalieni taa. Ikikaa inawaka zaidi ya kawaida yake, au ikiwaka wakati mkono uko juu, usiijaribu mara ya pili uone kama itapona. Chomoa plagi.

Kuna mashine ililetwa kwangu kutoka Mbagala, ya mama anayeuza karanga za kukaanga. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa mweusi na bati lake limepinda. Nilipobandua kilichokuwa juu ya utepe nikakuta si tefloni. Ilikuwa selotepu ya kufungia maboksi, tabaka juu ya tabaka, imegeuka ganda gumu lenye malengelenge. Chini yake mafuta ya karanga yalikuwa yamelowa hadi kwenye kibanzi kinachoshikilia utepe, na yale maganda mekundu ya karanga yalikuwa yamejaa kila upenyo, makavu, mengine yameshakuwa mkaa. Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Tefloni iliisha, fundi," akaniambia. "Nikaweka selotepu, na mbona ilifanya kazi vizuri tu?"

"Mama, ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa bado haijashika," nikamjibu. "Tefloni haishiki moto kirahisi. Hii uliyoweka ni plastiki yenye gundi, na chini yake umeweka mafuta na maganda makavu. Hapo kila kitu cha kuwasha jiko kipo."

Moto ulipotokea alikuwa amesimama palepale, akauvuta waya ukutani na kuufunika mwali kwa kitambaa kizito kilicholowa. Umeme ukiwa umeshakatwa, alifanya sawasawa. Angekuwa jikoni anageuza karanga, hadithi ingekuwa nyingine.

Kitambaa cha tefloni ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mashine hii, na mashine nyingi huja na kipande cha akiba na utepe wa ziada ndani ya boksi. Kibadilishe kikianza kuwa na madoa meusi au kutoboka, na kabla ya kuweka kipya futa kilichopo chini. Wanaofunga vitu vya mafuta, kama karanga, korosho, chipsi za ndizi na dagaa wa kukaanga, wafute mdomo wa mfuko kabla ya kusili. Mafuta kwenye mdomo wa mfuko yanaharibu mshono, na baada ya muda yanakuwa chakula cha moto ndani ya mashine.

Wapo ambao hawana mashine kabisa na wanafunga kwa mshumaa. Unaujua mtindo huu: mdomo wa mfuko unakunjwa juu ya kipande cha msumeno wa chuma, ncha iliyobaki inapitishwa kwenye mwali, plastiki inarudi nyuma na kuganda. Pakiti nyingi za karanga na ubuyu za mtaani zimefungwa hivi. Sitaki kumdharau mtu anayetafuta riziki, lakini plastiki ikiwaka inadondosha matone yanayoendelea kuwaka yakiwa yanaanguka, na yanaangukia kwenye rundo la mifuko mingine, kwenye kanga, au kwenye paja. Ukiwa na kazi hii kila siku, weka akiba kidogo kidogo ununue mashine ndogo. Inakula umeme kwa zile sekunde chache tu za kubonyeza.

Mashine ya mkanda ni habari nyingine, kwa sababu haipumziki. Ukiiwasha, vyuma vyake vinapata joto na kubaki nalo saa zote za kazi. Mikanda miwili ya tefloni inapita katikati ikiubeba mdomo wa mfuko, kisha mfuko unapita kwenye vyuma vya kupoza vinavyopulizwa na feni. Joto linasomwa na kihisi chembamba kilichochomekwa kwenye tundu la chuma cha joto. Kihisi kinatuma habari kwenye kidhibiti chenye namba, na kidhibiti ndicho kinachokata umeme wa hita joto likifika pale ulipopanga.

Sasa kihisi hicho kikichomoka kwenye tundu lake, jambo ambalo hutokea kwa mtikisiko wa mashine au mtu akiivuta vibaya wakati wa kusafisha, kinaning'inia hewani na kusoma joto la hewa. Wewe umepanga 150, kidhibiti kinaona 45, kwa hiyo kinaendelea kupeleka umeme kwenye hita bila kukata. Unatazama namba, unaona 45, unasema mashine bado haijapata moto, unaenda kufanya kazi nyingine. Chuma wakati huo kinapanda tu. Plastiki ya mifuko ikifikia nyuzi 350 hivi inaweza kushika moto bila mwali wowote kuigusa, na ndani ya mashine iliyofanya kazi muda mrefu huwa kuna mabaki ya plastiki yaliyoganda kila kona.

Hii ndiyo hitilafu ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mashine inakudanganya machoni. Amini pua yako kabla ya namba. Mashine ikiwaka dakika kadhaa na namba haijasogea, huku ukisikia harufu ya kuungua au ukiona mkanda unabadilika rangi, zima. Usiweke uso karibu kuchungulia. Tefloni iliyopashwa kupita kiasi hutoa moshi mbaya ambao baada ya saa chache unaweza kukuletea homa, baridi na kifua kubana ukadhani ni malaria. Mwenye ndege kwenye kizimba ndani ya nyumba ajue kwamba moshi huo unawaua upesi sana.

Kwa mashine ninazotengeneza, ninafunga fyuzi ya joto kwenye njia ya umeme wa hita na kuibana kwenye chuma chenyewe. Hiyo haisikilizi kihisi wala kidhibiti. Chuma kikivuka nyuzi zilizoandikwa juu yake, tuseme 240, inakatika moja kwa moja na haijirudishi, mpaka ibadilishwe. Wapo wanaoniambia niiondoe kwa kuwa imekatika na kuwasimamishia kazi. Siiondoi. Imekatika kwa sababu kuna kitu, na hicho kitu ndicho tunachokitafuta.

Jambo jingine ni joto lenyewe. Nailoni laini haihitaji zaidi ya nyuzi mia na kitu. Ile mifuko ya polipropilini, migumu kidogo na yenye kung'aa, huyeyuka karibu na 160. Siku hizi wajasiriamali wengi wanapenda mifuko ya khaki yenye kidirisha, na hiyo ni minene, karatasi nje na plastiki ndani, kwa hiyo inachelewa kushika. Mtu anaona mshono haujakolea, anazungusha joto hadi 230, halafu 250. Hapo ameshafika kwenye joto ambalo karatasi yenyewe huanza kuungua, na amegusa mpaka wa tefloni. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa mkanda ili mfuko ukae kwenye joto muda mrefu zaidi. Utafunga pakiti chache kwa saa, mikanda yako itadumu, na meza haitafuka moshi.

Halafu kuna kuzima. Mashine ya mkanda huwa na swichi tofauti ya hita, ya feni na ya mkanda. Wengi wakimaliza kazi wanazipiga zote kwa pamoja, au wanachomoa plagi, basi. Mkanda unasimama ukiwa umebanwa na chuma cha nyuzi 150 au 180, unaungua pale uliposimama, na kipande cha mfuko kilichobaki ndani kinageuka lami. Kesho yake ukiwasha, mabaki hayo ndiyo yanayoanza kutoa moshi. Zima hita peke yake kwanza. Acha mkanda uzunguke na feni ipulize mpaka namba ishuke chini ya 100, ndipo uzime vilivyobaki na kuchomoa. Ninapomkabidhi mteja mashine, haondoki mpaka amefanya hivyo mbele yangu kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ana bajaji inamsubiri nje.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Hapa ndipo watu wanapoumia. Taa zinazima, kila mtu anainuka, wanasubiri, hawaoni kitu, wanafunga wanaenda nyumbani. Swichi zote zimebaki zimewashwa. Umeme unarudi saa nane usiku, hita inaanza kupanda, hakuna mtu, na yale maboksi yaliyosogezwa kupisha njia yameegemea mashine. Mteja wangu mmoja wa unga wa lishe alipigiwa simu na jirani aliyesikia harufu alfajiri. Mkanda ulikuwa umekatika na kuzungukia mota, meza imebabuka, viroba viwili vya mifuko vimeyeyuka vikawa bonge. Ukuta wa matofali na sakafu ya saruji ndivyo vilivyouzuia moto usisambae. Umeme ukikatika, kabla hata hujatafuta tochi ya simu, zima swichi zote na uchomoe plagi. Mfuko uliokwama ndani utoe kwa koleo, maana chuma bado ni cha moto.

Nikiona mashine iliyoungua huwa ninamwomba mwenyewe anitumie picha ya meza yake, kwa kuwa mara nyingi hitilafu ya mashine ingeishia kwenye harufu na moshi kidogo kama pembeni pangekuwa peupe. Kwenye picha ninakuta vipande vya mifuko vilivyokatwa, rola za lebo, chupa ya spiriti, maboksi. Spiriti ninaitaja kwa msisitizo. Watu wanaitumia kufuta gundi na madoa kwenye chuma, tena mashine ikiwa bado moto ili doa litoke upesi. Spiriti na sanitaiza za alkoholi hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye joto la kawaida la Dar, na mvuke huo hauonekani ukielekea kwenye hita. Safisha mashine ikiwa imepoa na imechomolewa, na chupa ikae chumba kingine. Karibu na mashine pakae mifuko unayoifunga kwa muda huo tu, na akiba yote iwe mbali, angalau upande wa pili wa chumba.

Wenye unga nao wana jambo lao. Unga unaoelea hewani kwa wingi unaweza kulipuka, uwe wa mahindi, wa ngano au wa soya. Hata sukari. Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, kililipuka na wafanyakazi 14 wakafa. Mlipuko ulianzia kwenye mkanda wa kusafirishia sukari uliofunikwa, chini ya maghala, kisha ukapita kwenye majengo ya kufungashia kwa sababu vumbi la sukari lilikuwa limelala kila mahali, likatimuliwa na kuwaka. Chumba cha mama wa unga wa lishe ni kidogo mno mbele ya kiwanda kile, lakini vumbi lake lina tabia hiyohiyo. Linaingia kwenye matundu ya feni ya mashine, linarundikana juu ya vyuma vya joto, linababuka na kufuka. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu kila siku mashine ikiwa imepoa. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani hapo unalitoa mahali limelala na kulipeleka hewani.

Kuhusu umeme nitasema kidogo, ingawa ningeweza kuandika ukurasa mzima. Mashine nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za duara, soketi zetu ni za pini tatu za bapa. Mtu anachukua mfuniko wa kalamu, anausukuma kwenye tundu la juu ili vifuniko vya chini vifunguke, anachomeka. Plagi inakaa imelegea, inacheza, inatoa cheche ndogo ndogo, na soketi inaanza kuwa ya kahawia. Mashine yenye bodi ya bati inabaki pia bila waya wa ardhi. Mwite fundi umeme aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi yake.

Wanaobana plastiki ya kusinyaa kwenye mifuniko ya chupa za asali kwa kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto chenye umbo la bastola, hesabu ni hii: kifaa cha wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 kinavuta karibu ampea 9. Viwili kwenye ekstensheni moja ni ampea 17, na plagi yenyewe imetengenezwa kwa 13. Kama ekstensheni hiyo imeviringishwa, joto lake halina pa kutokea. Hewa inayotoka kwenye kifaa hicho inaweza kufika nyuzi 500 na zaidi, kwa hiyo hakiwekwi mezani kikiwa kimelala hata kama kimezimwa. Kina kisimamio, kisimamishe mdomo ukiangalia juu mpaka upoe.

Moto ukitokea, kata umeme kwanza, ukutani au kwenye swichi kubwa. Usimwagie maji mashine yenye umeme. Mtungi wa hewa ya kaboni (CO2) unafaa sana kwa mashine hizi kwa sababu hauachi uchafu, na wa poda kavu unafaa pia. Ila palipo na unga usielekeze mtungi kwenye rundo lake, utalitimua. Mtungi ukae karibu na mlango. Watu wanapenda kuuweka nyuma ya mashine, yaani mahali ambapo moto ukiwaka huwezi kuufikia. Ukiona moto umeshika maboksi au umefika usawa wa kichwa chako, toka na watu wako, funga mlango nyuma yako, piga 114 kwa Zimamoto. Moshi wa plastiki unamlaza mtu chini kabla moto haujamfikia.

Na mlango uwe unafunguka. Tunaogopa wezi, kwa hiyo madirisha yana nondo na geti lina kufuli mchana kutwa. Tarehe 3 Septemba 1991, kiwanda cha kuku cha mji wa Hamlet, North Carolina, Marekani, kiliungua na watu 25 wakafa, wengi kwa moshi, milango ikiwa imefungwa kwa nje. Kama lazima ufunge ukiwa kazini, funguo ining'inie hapohapo mlangoni kwa ndani, na kila anayefanya kazi humo ajue ilipo, pamoja na binti aliyeanza juzi.

Plastiki iliyoyeyuka ikikushika kwenye ngozi, usiibandue. Weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba, kisha nenda hospitali waiondoe wao. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Nimeona mikono iliyopona vizuri na mikono iliyobaki na kovu kubwa, na tofauti ilikuwa ni zile dakika za kwanza.

Wanaoniletea mashine kwa ukaguzi wanaleta mashine peke yake. Leteni na ekstensheni mnayoitumia, na plagi ikiwa bado juu yake, msiibadilishe kwanza kwa kunionea aibu. Ninaikagua bila kuongeza bei.